Mafuta ya Kunywesha Chungu

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, Abdulrahmani Namtuka hakuwa na mke. Mkewe alikuwa amebaki makaburini, kule walikotoka. Hakuwa na mlango. Alikuwa na tundu la mlango na gunia la kuliziba. Hakuwa na mikorosho, kwa kuwa mikorosho haipandi lori. Hakuwa na mbuzi, hakuwa na chumvi, hakuwa na meno ya upande wa kulia, hakuwa na jirani hata mmoja aliyepata kumjua baba yake. Mwanawe Huseni hakuwa karibu. Alikuwa akijenga reli mpya huko Mlimba. Na hakuwa na mafuta ya kupikia. Nayataja mafuta mwisho kwa sababu hayo mengine aliyavumilia.

Alichokuwa nacho ni mjukuu na chungu.

Mjukuu aliitwa Kidawa, binti wa Huseni. Mama yake alifariki alipomzaa. Alikuwa ameanza kung'oka meno ya utoto, na mwaka huo wa ukame miguu yake ilikuwa imekonda mpaka magoti yakaonekana makubwa kuliko mapaja. Huseni alikuwa ameandika barua ya mistari michache: "Baba, nikipewa likizo nitakuja kumchukua. Nitunzie tu mpaka hapo." Abdulrahmani alikuwa ameisoma mwenyewe. Alijifunza kusoma uzeeni, katika darasa la jioni la watu wazima, na barua hiyo ndiyo ya kwanza aliyoisoma bila kuomba msaada. Neno "nitunzie" alilirudia mara nyingi kama mtu anayekagua kama deni ni lake kweli.

Chungu kilikuwa cha chuma, kizito, chenye miguu mifupi mitatu na pete mbili za kukibebea. Baba yake alikuwa mpagazi katika vita vya Wajerumani, akakiokota karibu na Nyangao jeshi lilipokimbia. Kwa chungu hicho Abdulrahmani alikuwa amepikia harusi, hitima na maulidi katika nchi yote inayozunguka Rutamba. Hata Wakristo walimwita siku za Krismasi, naye alikwenda, kwa sharti kwamba nyama ichinjwe na Mwislamu. Kila baada ya shughuli alikuwa akikisugua, akikikausha motoni na kukipaka mafuta ya nazi au ya ufuta kikiwa bado cha moto. Alisema chuma kina kiu, na kisiponyweshwa mafuta kitakunywa maji, na kikinywa maji kitaoza. Kwa miaka mingi ndani ya chungu kile palikuwa peusi, laini, na wali haukushika.

Siku ya kuhama alikuwa na homa. Alipakiwa kwenye lori na mjukuu wake pamoja na kitanda, na chungu kikatupiwa nyuma. Walipofika kijiji kipya, aliugua mwezi mzima katika kibanda cha makuti huku wenzake wakimsaidia kujenga. Watu wema hao ndio walioona chungu kipana kimekaa bure, wakakanyagia udongo humo wa kukandika kuta, nyumba baada ya nyumba. Alipoweza kusimama, alikikuta uani kimejaa matope yaliyokauka. Aliyagonga yakatoka, na chini yake chungu kilikuwa chekundu, kimevimba kutu kama ngozi ya mtu mwenye upele.

Hakumgombeza mtu. Walikuwa wamemjengea nyumba.

Mwenyekiti wa kijiji, Dadi, aliitisha mkutano kabla ya mvua za vuli. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Ndugu zangu," alisema, "mahindi ya njano yamefika. Ni ya kuwalisha wanaolima shamba la kijiji, si ya kugawana majumbani. Tutaanza Jumatatu. Tunataka mpishi mmoja na chungu kimoja kikubwa. Nani anacho?"

"Mimi," alisema Abdulrahmani.

"Una kutu, mzee wangu, huna chungu!" alisema Maftaha, na watu wakacheka. Maftaha alikuwa mjane, mwenye sufuria mbili za bati na ulimi usiolala. "Ukitupikia humo tutakunya misumari."

"Harusi yako alipika nani, Maftaha?"

"Ulipika wewe. Na mume akafa."

Watu wakacheka tena, na Abdulrahmani mwenyewe akacheka. Lakini Dadi hakucheka. Alisema atakuja kukikagua chungu Jumapili jioni. Akipitisha kidole na kidole kikatoka chekundu, atapika Maftaha kwa sufuria zake, hata kama itabidi apike mara mbili.

Kila mtu pale alijua kilichokuwa kinagombewa. Mpishi hapewi mshahara, lakini ukoko ni wake. Desturi hiyo ni ya zamani na hata kijiji cha ujamaa hakikuifuta. Chungu cha watu wengi huacha ukoko mnene, wa kutosha kumshibisha mtoto mpaka kesho. Mzee angeweza kula shambani kwa jasho lake. Kidawa hakuwa na jasho la kutoa, kwa hiyo hakuwa na sahani.

Alianza kazi siku ile ile. Kwanza alichemsha maji ya ukwaju ndani ya chungu, yakalala humo, yakatoka rangi ya damu iliyoganda. Kisha akakisugua kwa mchanga na makumbi ya nazi, akakisuuza, akakausha, akakirudia kwa majivu. Palipokuwa na mashimo madogo alitumia majani ya msasa, akiyasokomeza kwa ncha ya kidole mpaka ngozi ikachubuka. Kidawa alikaa kivulini akimwangalia.

"Babu, kinaumwa?"

"Kinaumwa, lakini kitapona."

"Kikipona tutakula ukoko?"

"Tutakula. Wewe utakula, mimi nitakutazama."

Mwishoni mwa juma kutu yote ilikuwa imeondoka. Chuma kilionekana kijivu na kikavu, uchi kabisa. Abdulrahmani alijua kwamba hapo ndipo hatari ilipo. Chuma kilichosuguliwa hivyo hupata kutu mpya usiku mmoja tu kwa umande. Kinataka mafuta upesi, na moto mkali, na mafuta tena.

Sebastiani alipita asubuhi ya Jumamosi akisukuma baiskeli yake. Alikuwa Mkristo kutoka upande wa Nyangamara, mwindaji wa nguruwe pori waliokuwa wakila mihogo ya kijiji. Alisimama akakitazama chungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sebastiani. Umeua?"

"Nimeua mmoja, mnene ajabu, ana mafuta ya debe zima. Sisi tunakonda, yeye ananenepa kwa mihogo yetu." Akatabasamu. "Nikupunguzie? Chungu hakina dini."

"Chungu hakina, lakini wanaokula wanayo. Toka na mafuta yako kabla malaika hawajaandika kwamba nimeyanusa."

"Nitamwambia padri kwamba umenifukuza kwa heshima," alisema Sebastiani, akaenda zake akicheka. Maftaha alikuwa kisimani na aliwaona wakizungumza.

Mchana Maftaha alikuja mwenyewe, amefunika kitu kwa upande wa khanga. Ilikuwa chupa ya mafuta ya ufuta, imejaa mpaka nusu. Katika kijiji kizima hapakuwa na chupa nyingine.

"Haya ya marehemu mama yangu," alisema. "Aliyakamua mwenyewe. Chukua, unyweshe chungu chako. Lakini tupike wote wawili, wewe chungu, mimi mafuta. Na ukoko tukate katikati."

Abdulrahmani aliitazama chupa. Mafuta yalikuwa safi, ya rangi ya asali. Alifikiria ukoko uliokatwa katikati, akafikiria magoti ya Kidawa. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulitamka. Tangu ujana wake hakuwa amepata kushika mwiko mmoja na mtu.

"Una watu wazima watupu nyumbani kwako, Maftaha. Wote wanakwenda shamba, wote watakula. Ukoko unautakia nini?"

"Na wewe unautakia nini peke yako?"

"Mimi ni mpishi. Sipiki nusu."

"Basi kinyweshe mate," alisema Maftaha. Akafunika chupa yake, akaondoka.

Jioni ile Abdulrahmani alikaa ameegemea nguzo ya nyumba yake. Alipoinuka, mgongo wake haukuwa umeshika uchafu wowote. Aligeuka akaitazama nguzo. Alikuwa ameipaka mwenyewe mafuta ya maganda ya korosho kuzuia mchwa, kama watu wote wa kwetu wafanyavyo. Yalikuwa yamekauka meusi, magumu, yanang'aa. Mchwa walifika chini yake wakarudi. Kopo lilikuwa limebaki karibu kujaa, limefunikwa kwa kigae nyuma ya nyumba.

Hakuwa mjinga. Alijua kwamba mafuta hayo yanababua. Hakuna mtoto wa Lindi asiyejua. Ukivunja korosho mbichi kwa meno, midomo huumuka. Lakini alijijibu kwa hoja iliyoonekana nzuri. Korosho huchomwa ndani ya mafuta hayo hayo, zikiwaka moto, na baada ya moto tunazila na kuwapa watoto. Kwa hiyo moto ndio unaoua ukali. Na yeye atakichoma chungu zaidi ya korosho yoyote. Tena mafuta haya ni ya mti, hayana haramu, hakuna Mwislamu wala Mkristo atakayeyakataa.

Jumapili, Kidawa alipokwenda kuokota maembe machanga, alifunga mikono yake kwa majani ya mgomba, akakigeuza chungu juu ya mafiga, akawasha. Kilipopata moto alikipaka ndani na nje kwa kitambaa kwenye kijiti. Moshi uliotoka ulikuwa mchungu, ukamkaba koo na kumtoa machozi. Alisubiri moshi upungue, akapaka tena. Kila alipopaka, weusi ulizidi. Alikuwa na haraka, kwa sababu Dadi angefika jioni, na kuni zilikuwa chache. Mara ya mwisho alipaka nene, ili kisije kikakauka njiani. Kilipopoa, ndani kilikuwa kinanata kidogo chini, kwenye kitako. Alidhani hiyo ni dalili kwamba chuma kimeshiba.

Dadi alipitisha kidole. Kilitoka safi.

"Mashaallah," alisema. "Kama kipya. Umepata wapi mafuta?"

"Kazi ya mpishi, ndugu mwenyekiti."

Maftaha, aliyekuja kushuhudia, hakukaribia. Alisema kwa mbali, "Kinang'aa kama kiatu cha polisi. Umekipaka nini, mzee?"

"Mate," alijibu Abdulrahmani, na safari hii watu walimcheka Maftaha.

Jumatatu alipika kunde kwanza, akazikoleza kwa maembe machanga ya Kidawa kwa kuwa chumvi haikuwepo. Akazihamishia kwenye ndoo, akasonga ugali humo humo. Watu waliokuwa wamelima tangu alfajiri walikula bila kuzungumza. Mmoja alisema kunde zina ukali kidogo. Mwingine akasema ukali ni maembe. Walikula wakamaliza, wakarudi kulima.

Abdulrahmani alikwangua ukoko. Ulishika chini zaidi kuliko alivyozoea, na ulitoka na weusi upande wa chini, mkubwa kama sinia. Aliuvunja vipande akaubeba nyumbani katika pakacha.

Kidawa alikula amekaa kizingitini, akitafuna kwa meno aliyobakiza, macho amefumba. Babu alimtazama kama alivyoahidi. Hakuonja. Mtoto alipomaliza alilamba vidole kimoja kimoja, akasema tumbo lake limekuwa gumu kama ngoma, akalipiga, wakacheka wote wawili. Alilala akiwa ameshiba. Abdulrahmani hakukumbuka mara ya mwisho alipomwona amelala hivyo.

Kulipokucha midomo ya Kidawa ilikuwa imevimba. Ndani ya mdomo malengelenge yalikuwa yamepasuka, meupe, na ulimi ulijaa kinywa. Alilia bila sauti. Babu alimpa maji, yakarudi kupitia puani.

Kijijini watu walitoka nje wakishika midomo. Wengi waliwashwa, wachache walikuwa na vidonda. Mwanamke mmoja aliyekombeleza ndoo ya kunde alivimba uso. Hakuna aliyekuwa mahututi, kwa sababu hakuna mwingine aliyekula ukoko.

Sebastiani alikuja mbio na baiskeli. Walimfunga Kidawa kwa khanga kwenye kiti cha nyuma, Sebastiani akasukuma na mzee akamshika mtoto mgongo, wakaelekea zahanati. Jua lilipokuwa kali walimpumzisha kivulini. Alikuwa akivuta pumzi kwa mlio, kama mtu anayenyonya mwanzi. Zahanatini mganga alimpaka dawa ya zambarau mdomoni, akamwangalia kooni kwa tochi, akazima tochi.

"Alikula nini?"

Abdulrahmani alimwambia. Mganga alisema kwamba mtoto mwenye nguvu labda angeweza kushindana na sumu hiyo.

Kidawa alifariki kabla ya alasiri. Walirudi naye kwa baiskeli ile ile, kwa njia ile ile.

Alizikwa siku hiyo. Makaburi ya kijiji kipya yalikuwa bado hayajawa mengi.

Kesho yake watu walikusanyika kwa Dadi. Hawakuwa wametulia. Maftaha alisimama mbele, midomo yake mwenyewe ikiwa na vidonda.

"Niliwaona kwa macho yangu," alisema. "Huyu mwinda nguruwe alisimama na mzee penye chungu siku ya Jumamosi. Hapakuwa na mafuta kijijini isipokuwa yangu, na yangu bado ninayo. Sasa mniambie chungu kilinyweshwa nini! Tumelishwa haramu, na Mungu ametuonyesha."

"Aondoke," alisema mtu. "Arudi kwao Nyangamara."

Sebastiani alikuwa pembeni, ameshika usukani wa baiskeli. Alisema tu, "Nilimpa akakataa. Muulizeni mwenyewe."

"Mzee kafiwa! Tumuulize nini?"

Abdulrahmani alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Hakuna aliyemshuku. Alikuwa mfiwa, na watu wote walikuwa upande wake. Angenyamaza tu, na Sebastiani angefungasha. Alijiinua kwa kushika ukuta.

"Hakunipa kitu," alisema. "Nilipaka mafuta ya maganda ya korosho. Kopo liko nyuma ya nyumba yangu, nendeni mkalione. Maftaha alinipa ufuta nikaukataa, kwa sababu nilitaka ukoko wote. Nikaupata."

Maftaha alijifunika uso kwa khanga. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuagana. Hakuna aliyemtukana, na hiyo ilikuwa nzito kuliko matusi.

Dadi alibaki. Ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa la jioni, na alikuja na karatasi, bahasha na kalamu.

"Huseni lazima aambiwe," alisema kwa upole. "Nikuandikie? Tuandike homa, mzee wangu. Mwaka huu watoto wengi wamekwenda kwa homa, hakuna atakayeuliza. Mwanao yuko mbali, yuko peke yake kambini. Ukimwandikia hayo mengine, utakuwa umempoteza na yeye."

"Nipe kalamu."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri njiani, nyuma ya baiskeli."

Wakati huo Sebastiani na Maftaha walikuwa wamekipeleka chungu nje ya kijiji. Walikigeuza juu ya moto mkubwa wa magogo, wakakaa upande upepo unakotoka, wakakiacha kiungue mpaka weusi ukawa majivu na chuma kikabaki kijivu tena. Walikisugua, wakakichemsha maji, wakayamwaga, wakachemsha mengine. Maftaha alimimina chupa yake ya ufuta mpaka tone la mwisho, na Sebastiani alishika kijiti cha kupakia. Wenye shamba la kijiji walihitaji kula, na hapakuwa na chungu kingine.

Abdulrahmani aliandika siku mbili. Herufi zake zilikuwa kubwa na zilipanda juu kadiri mstari ulivyoendelea. Aliandika:

"Mwanangu Huseni. Salamu. Kidawa amefariki, tumemzika kijijini. Hakufa kwa homa. Nilikipaka chungu cha babu yako mafuta ya maganda ya korosho, nikampikia humo, akala ukoko. Nilijua mafuta yanababua, nilidhani moto umeyamaliza. Alishiba siku ile. Uliniambia nimtunze. Usipotaka kuja, sitakulaumu. Ukija, nitakuonyesha kaburi. Mimi baba yako, Abdulrahmani Namtuka."

Aliisoma barua neno kwa neno. Hakufuta kitu, ingawa mstari wa "alishiba siku ile" aliutazama kwa muda mrefu.

Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imekufa. Alikwenda nayo kwenye jiko la kijiji, ambako Maftaha alikuwa akikoroga uji katika chungu cha chuma. Alisimama kando. Maftaha alimwona, akachota uji kwa ncha ya mwiko, akauonja yeye kwanza mbele yake, akauacha ulimini kwa muda, akameza. Kisha akamnyooshea mwiko.

Abdulrahmani alichukua uji kidogo kwa kidole, akaupaka ukingo wa bahasha, akaukunja, akaukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukashika. Sebastiani alikuwa akingoja na baiskeli yake barabarani; alikuwa anakwenda Lindi mjini, na posta ingefungwa saa sita.

"Nimpe nani?" aliuliza.

"Mpe wa dirishani. Usiiache juu ya meza."

Sebastiani aliitia barua katika mfuko wa shati, akafunga kifungo, akapanda baiskeli.